Fisi Aliyeitikia Marahaba

"Atokee!"

"Na atokee!"

"Atokee nani?"

"Atokee wa kale!"

"Ana mguu?"

"Anao!"

"Ana mkono?"

"Anao!"

Basi mpisheni apite. Na wewe uliyenyoosha miguu, ikunje, maana mimi nikisimulia siruki miguu ya mtu. Mahindi hayo msiache kuyapukuchua. Yanayosikiliza ni masikio, vidole havina udhuru.

Hapo kale, fisi alipokuwa bado anajua kusema na watu walipokuwa tayari hawajui kusikiliza, katika kijiji cha Ndalamo, mwanamke mmoja alikuwa anatwanga mtama. Twi, twi, twi. Jina lake Nyamizi. Mume wake alikuwa amekwenda safari ya chumvi. Watoto wake watatu, Mbula, Lutonja na Sizya, walikuwa wanapepeta na kugombana, kama ninyi.

Nyamizi alikuwa kiziwi. Alizaliwa anasikia, akaugua surua angali ananyonya, homa ilipoondoka ikaondoka na masikio. Hakurogwa. Hakulaaniwa. Hakuna mzimu aliyekosewa. Nimesema homa, na anayetaka sababu nyingine akatafute hadithi nyingine.

Alisema kwa mikono. Watoto wake walisema kwa mikono kabla hawajajua kusema kwa mdomo. Wifi yake, Holo, aliyekaa nyumba ya pili, alisema kwa mikono haraka kuliko mdomo, na mdomo wa Holo haukuwa wa pole. Mchana, basi, Nyamizi hakuwa na shida. Alimwona mtu, mtu akamwona, wakaelewana. Na usiku, palipokuwa na moto, hakuwa na shida. Giza ndilo lililokuwa na shida naye. Ukimzimia kiziwi moto, umemfumba macho na umemkata ulimi kwa pigo moja.

Mchi ulikuwa juu, haujashuka, Holo alipoingia uani anahema. Akaushika ule mchi hewani.

"Wacha kutwanga, wifi," akasema kwa mikono. "Wanaume wamekaa baraza."

"Wamekaa lini wakasimama?" Nyamizi akauliza.

"Leo wamesimama na amri. Fisi amechukua mbuzi wa tatu. Masanilo amepewa ulinzi."

Nyamizi akajaza mashavu upepo. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara ya Masanilo, na aliyemwona Masanilo hakuhitaji kufafanuliwa.

"Huyo huyo," akasema Holo. "Anasema, jua likizama atapiga ngoma. Ngoma ikilia, kila moto uzimwe. Nje na ndani. Ati fisi anatumia moto wetu kuona njia."

Ngojeni kidogo. Nirudie, maana naona mmepitwa. Fisi, anayewinda gizani tangu dunia iumbwe, ati anahitaji moto wa jiko langu aone njia! Na baraza zima la wanaume wenye ndevu likaitikia, naam, naam, naam.

"Halafu," Holo akaendelea, "walinzi watasimama kwenye lango la boma. Mtu akipita watauliza, Nani? Akijibu, apite. Asipojibu, ni mnyama, apigwe."

Nyamizi akauegemeza mchi kwenye kinu.

"Na mimi?"

Holo akakaa kimya. Mikono nayo hukaa kimya, kama hamjui.

"Na mimi, wifi? Wamesemaje kuhusu mimi?"

"Hawakukukumbuka," akasema Holo.

Sasa mnaweza kusema, si akae ndani? Kwani lazima atoke? Ndivyo wasemavyo wasiochota maji. Ulikuwa wakati wa kiangazi. Kisima cha Ndalamo kilikuwa nje ya boma, na wakati wa kiangazi maji yake yalikuwa yananywewa na jua mchana kutwa, yakaanza kuchuruzika jioni. Wanawake walipanga foleni, kila mmoja na kata yake, wakikwangua matope. Wa mwisho alirudi na giza. Na wa mwisho alikuwa nani? Yule ambaye hakusikia wenzake wakiitana, "Maji yameanza!"

Basi Nyamizi akajifunga kanga, akamchukua Holo, wakaenda kwa Masanilo.

Masanilo alikuwa amekaa kwenye kigoda, ngoma kati ya magoti. Alikuwa mtu wa kujisifia masikio. "Mimi," alizoea kusema, "nasikia sisimizi akikohoa." Hakuna aliyewahi kumuuliza sisimizi.

"Shikamoo mzee," akasema Holo.

"Marahaba. Mnataka nini?"

"Wifi yangu anauliza, gizani atajibuje, na swali lenyewe halisikii?"

Masanilo akamgeukia Nyamizi. Akavuta pumzi. "WEWE!" akapiga kelele, kuku wakatawanyika. "UKIULIZWA NANI, SEMA MIMI!"

Nyamizi akamtazama. Akamgeukia Holo. "Ananitukana?"

"Anakufundisha kujibu," akasema Holo.

"Mwambie, na aniruhusu kushika mwenge. Nikiwa na mwenge watajua ni mimi."

"Mwenge hapana," akasema Masanilo. "Amri ni amri. Nikimruhusu mmoja, kesho kila mtu atasema ni kiziwi."

Mmesikia hayo? Watu wangejitia uziwi, wapigwe virungu gizani, ili wafaidi mwenge! Lakini asiye na hoja hakosi amri. Wakarudi nyumbani.

Jioni hiyo Nyamizi alikuwa wa mwisho kisimani. Giza likaingia. Ngoma ikalia, ndu, ndu, ndu, mioto ikazimwa, kijiji kikawa cheusi kama chungu cha mlenda. Nyamizi akaja na mtungi kichwani, akaikanyaga njia anayoijua.

"Nani?" wakauliza walinzi.

Nyamizi akaja.

"Nani?"

Nyamizi akaja.

"Nani, wewe?"

Pa! Kirungu kikatua mkononi. Mtungi ukaanguka, maji ya jioni nzima yakanywewa na vumbi. Nyamizi akapiga yowe, na kwa yowe walinzi wakajua ni mtu. Wakampapasa kichwa, wakapapasa kanga.

"Kumbe ni Nyamizi!"

"Nyamizi, kwa nini hukujibu?"

"NYAMIZI, KWA NINI HUKUJIBU?"

Mnaona akili hiyo? Walimuuliza kiziwi kwa nini hakujibu, na walipoona hawajibiwi wakamuuliza tena, kwa sauti zaidi.

Sasa, wakati hayo yanatendeka, kuna aliyekuwa amelala kichakani nje ya boma, kidevu juu ya miguu, anasikiliza. Bwana Fisi. Alisikiliza jioni ya kwanza. Alisikiliza jioni ya pili. Jioni ya tatu akacheka ndani kwa ndani, akasema, "Kumbe hawa hawaulizi uliye nani. Wanauliza kama una mdomo. Mdomo ninao."

Akaja langoni, polepole, kama mwenye maungo yanayouma.

"Nani?"

"Mimi," akasema Fisi, na sauti yake kama mjuavyo ni ya kukwaruza. Akaongeza kikohozi juu yake. "Kho, kho. Mimi mzee wenu."

Walinzi wakasimama wima. Sauti ya mzee! Wote kwa pamoja, "Shikamoo babu!"

"Marahaba, wanangu. Marahaba."

"Habari za kutwa, babu?"

"Njema. Njaa tu."

"Pole babu. Za nyumbani?"

"Salama. Wote wanakula."

"Pita, babu, pita. Angalia kisiki hapo."

Wakamwonyesha na kisiki! Fisi akapita. Hakuna aliyeuliza, wewe ni mzee yupi, baba wa nani? Kwa sababu huko Ndalamo, kumuuliza mzee jina lake ni utovu wa adabu, na watu wale afadhali waliwe kuliko waonekane hawana adabu. Asubuhi mbuzi wa nne hayupo.

"Fisi huyu ni mchawi," akasema Masanilo. "Langoni hapiti. Langoni nipo mimi."

Huku Nyamizi mkono umevimba, hawezi kutwanga. Holo akaenda barazani akapiga kelele mpaka wakachoka. Masanilo akasema, "Haya, haya. Tumfunge njuga. Akitembea zitalia, tutajua ni yeye."

Wakamfunga njuga, mwanamke mzima, mama wa watoto watatu, kama mbuzi beberu. Nyamizi akatazama miguu yake, akamuuliza Holo, "Sasa zinalia?"

"Zinalia."

"Zikiacha kulia, mimi nitajuaje?"

Holo akalipeleka swali hilo kwa Masanilo. Masanilo akasema swali hilo ni la kijeuri.

Jioni, Nyamizi akaenda kisimani. Akaingia matopeni mpaka magotini, akachota, akatoka. Matope yakajaa ndani ya njuga, yakaganda, zikawa mawe tu. Zilikuwa bubu, na mvaaji hakuwa na habari. Akaja njiani anatembea kwa raha kwa mara ya kwanza tangu amri itolewe, maana alidhani anasikika.

"Nani?"

Kimya.

"Nani?"

Kimya.

Pa! Mara hii begani. Na mtungi wa pili ukaenda.

"Lakini kwa nini hakuzikung'uta?" wakaulizana walinzi.

Nami nawauliza ninyi, mnaojifanya mnafikiri: kati ya waliokuwa wanasikia na asiyesikia, nani alipaswa kuangalia kama njuga zinalia?

Na usiku huo huo, nyuma yake, "Nani?" "Kho, kho, mimi mzee wenu." "Shikamoo babu!" "Marahaba." Mbuzi wa tano.

Asubuhi Masanilo akaja mwenyewe uani kwa Nyamizi, na vijana wawili na gogo la mti.

"Nimefikiri," akasema.

"Mungu atunusuru," akasema Holo.

"Huyu mtu ataumia bure. Namwonea huruma. Kwa usalama wake, ngoma ikilia afungiwe ndani. Komeo litawekwa kwa nje. Alfajiri tutamfungulia. Maji atachotewa na watu."

"Na watu gani?" Holo akauliza.

"Watu."

"Nyumba ikiungua je?"

"Itaunguaje? Moto tumeuzima."

"Na fisi?"

"Fisi hawezi kupita langoni."

Holo akaitafsiri habari hiyo kwa mikono yenye hasira. Nyamizi akaitazama mpaka mwisho. Kisha akasema, polepole, ili hata Masanilo apate kuona:

"Mbuzi wanapigwa komeo kwa nje. Mimi si mbuzi. Mwambie, siku fisi atakapokuja mlangoni kwangu, mimi ndani sitamsikia, na kutoka sitaweza. Watoto wangu nitawatoa wapi?"

Masanilo akaangalia mikono ile kama anayeangalia nzi. "Anasema nini?"

"Anasema wewe ni mjinga," akasema Holo.

Hakusema hivyo. Lakini mfasiri mzuri hutafsiri maana.

Wakapigilia vishikio viwili vya mti mlangoni kwa nje, wakaliweka gogo tayari. Jioni ilipofika ngoma ikalia, ndu, ndu, ndu. Nyamizi alikuwa ndio kwanza ameinjika maji ya ugali. Mlinzi akaingia bila hodi, akamwaga maji juu ya mafiga, fyuu, moshi ukawapiga watoto machoni. Akatoka. Gogo likaingia mahali pake. Nyamizi hakulisikia, lakini aliuona mlango ukitikisika mara moja, kisha hakuona kitu tena.

Giza. Watoto watatu, hawajala. Na mama hana mdomo wala macho.

Lakini mikono anayo. Nyamizi alikuwa na utaratibu wake wa gizani, na hakuufundishwa na baraza. Aliwakalisha watoto karibu, magoti yakigusana. Aliyetaka kusema alisema juu ya mwili wa mama: ishara ya maji kwenye koo la mama, ishara ya kulala kwenye shavu lake, ishara ya mzee kwa kumpapasa kidevu, kama mwenye ndevu. Naye akawajibu vile vile, kwenye viganja vyao. Walizungumza hivyo tangu wakiwa wachanga. Nyayo zake aliziweka wazi juu ya udongo, kwa sababu udongo husema kabla ya mtu.

Na pale walipokaa, udongo ukasema. Mtu anatembea uani. Hatua nzito, nyepesi, nzito. Nyamizi akasimama, akaweka kiganja juu ya mlango.

Nani huyo? Mnamjua. Fisi alikuwa amepita langoni kwa heshima zote, akaamkiwa, akaulizwa habari za wajukuu. Alipofika katikati ya kijiji akanusa. Zizi la mbuzi sasa lilikuwa na miiba juu na chini. Lakini nyumba ya Nyamizi, ah! Fisi alikuwa amesikia walinzi wakisimuliana, toka kichakani. Nyumba yenye watoto, mama asiyesikia, na komeo lipo nje. Mlango unaofungwa kwa nje hufunguliwa kwa nje. Walimwandalia chakula na kukifunika.

Akaliondoa gogo kwa meno. Akakohoa.

"Kho, kho. Hodi humu ndani."

Watoto wakasikia. Watoto wanasikia vizuri sana, ndiyo maana hudanganyika vizuri sana.

"Nani?" akauliza Lutonja, kama alivyosikia walinzi wakiuliza.

"Mimi, mwanangu. Mzee wenu. Nimekuja kuwafungulia. Nimesikia hamjala, nimewaletea nyama."

"Shikamoo babu!" wakasema wote watatu.

"Marahaba, wajukuu zangu wanono. Marahaba. Sogeeni."

Mbula, binti mkubwa, akamgeukia mama, akampapasa kidevu: mzee. Akamgusa mdomo: chakula. Akamvuta mkono: tufungue.

Sasa tazameni. Sauti ile ilikuwa tamu kwa kila mwenye masikio. Ilipita kwa walinzi, ilipita kwa watoto, ingepita kwako wewe na kwangu mimi. Kwa Nyamizi haikupita, kwa sababu haikuwa na pa kuingilia. Nyamizi alikuwa na sheria moja ya gizani: sikujui mpaka nikushike. Akaufungua mlango kiasi cha kupita mkono, mguu wake ukiwa nyuma yake kuuzuia. Akatoa kiganja. Akangoja.

Fisi akaona kiganja. Akafikiri, hawa watu na heshima zao, sasa wanataka nishike mkono. Akatoa wake.

Nyamizi akaupokea. Akaupapasa kwa kidole gumba, taratibu, kama anayekagua dengu sokoni. Kiganja cha mzee ni kikavu, kina sugu za jembe, kina mifupa. Hiki kilikuwa na vifundo baridi chini, manyoya juu, na kucha.

Hakupiga kelele. Kelele zingemsaidia nini? Aliuvuta ule mguu ndani mpaka begani, akageuka, akaubana mlango kwa mgongo. Kwa! Kisha akawashika watoto mmoja mmoja, akawabandika kwenye mlango pamoja naye, na kwenye kila kiganja akaandika ishara moja ya haraka: kucha. Watoto wakaelewa. Wakasukuma. Na wakalia sasa, kilio cha kweli kweli.

"Uwii! Fisi! Fisi!"

Walinzi wakaja mbio, wakijikwaa kwenye visiki, mioto ikiwa imezimwa kwa amri yao wenyewe. Masanilo mbele.

"Nani?" akauliza.

"Mimi!" akalia Fisi. "Mimi mzee wenu! Kho, kho! Nimekuja kumwangalia huyu mwanamke mgonjwa, amenibana mkono mlangoni! Nisaidieni wanangu!"

"Shikamoo babu!"

"Marahaba! Sukumeni mlango!"

"Ni fisi!" watoto wakalia ndani.

"Watoto hawana adabu," akasema Masanilo. "Mzee anaitwa fisi! Nyamizi! Mwachie mzee!"

Nyamizi hakujibu.

"NYAMIZI!"

Nyamizi hakujibu.

"Mnaona? Hajibu. Ndani humo kuna mnyama. Sukumeni!"

Haya basi, ndugu zangu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mlangoni kuna wawili. Mmoja ni mama wa watoto watatu, mwenye haki, kimya. Mwingine ana meno na salamu nzuri. Na wanaume kumi na virungu wakachagua salamu. Wakaweka mabega kwenye mlango, wakasukuma, hoyo, hoyo, hoyo. Nyayo za Nyamizi zikaanza kuteleza juu ya udongo. Aliuhisi mlango mgongoni mwake ukija, na hakuwa na jinsi ya kujua ni nani anayeusukuma. Aliwaza, wako fisi wengi. Akamweka mdogo, Sizya, nyuma ya kinu. Akakaza magoti.

Mlango ukaachia upenyo. Masanilo akapitisha mkono wake mnene, anapapasa, amtafute mzee amwokoe. Mkono ule ukamgusa Nyamizi shingoni.

Nyamizi akaukamata. Karibu auvunje. Lakini kidole gumba chake kikapita juu ya kiganja kile, na kidole kile hakikuwa na haraka hata katika hofu. Hakuna kucha. Hakuna manyoya. Laini, bila sugu hata moja, na pete ya shaba kidoleni. Katika Ndalamo nzima mikono laini namna ile ilikuwa miwili tu, na yote miwili ilikuwa ya Masanilo.

Angeweza kumng'ata. Mimi ningemng'ata. Yeye akauongoza ule mkono, taratibu, chini, chini, kama mwenyeji anayewatambulisha wageni wake, akauweka juu ya mguu wa Fisi. Akaukandamiza hapo.

Masanilo akashika. Akapapasa vifundo. Akapapasa manyoya. Akafika kwenye kucha, akazihesabu moja moja.

"Babu," akasema, kwa sauti ndogo.

"Naam, mwanangu."

"Babu, kucha zako..."

"Uzee, mwanangu. Uzee."

Masanilo akazihesabu tena. Kisha, nawaapieni, akasema, "Shikamoo babu," kwa mara nyingine, kwa sababu woga ulipoingia akili iliona pamejaa ikatoka. Halafu akapiga yowe. Sisimizi wote wakakohoa.

"FISI! NIMESHIKA FISI!"

Sasa vurugu. Giza totoro, wanaume kumi, virungu kumi. "Nani?" anauliza huyu. "Mimi!" anajibu yule. Pa! "Nani?" "Mimi!" Pa! Kila aliyejibu alidhaniwa fisi, maana sasa wamejua fisi hujibu. Walipigana wao kwa wao kama wanaotwanga mpunga, na Masanilo alipata mafungu mawili.

Aliyemaliza ujinga ule ni Holo. Alikuja na kijinga cha moto kinachowaka, amekiinua juu ya kichwa. Msiulize alikitoa wapi. Kila mwanamke wa Ndalamo alikuwa na kaa lake chini ya majivu tangu siku ya kwanza ya amri. Kwani Masanilo angekuja kuwapekechea moto alfajiri?

Mwanga ukaingia uani. Wakaona wote. Mlinzi amemkaba mlinzi mwenzake. Masanilo ameinama, mkono ndani ya mlango. Na Fisi, masikio chini, mguu mmoja umebanwa, anatabasamu kama mgeni aliyekosea nyumba.

"Hamjambo," akasema Fisi.

Nyamizi akauona mwanga kupitia upenyo. Akaelewa kuwa sasa wanaona. Akauachia mlango ghafla, wanaume wakaanguka ndani wote kama gunia la viazi, na Fisi akachomoka juu ya migongo yao. Holo akamwekea kile kijinga kwenye makalio. Akakimbia kwa miguu mitatu na harufu ya manyoya ya kuungua, na hakurudi Ndalamo. Wengine husema ndiyo sababu fisi huchechemea. Mimi sijui. Nina kazi nyingi za kufanya kuliko kuchunguza miguu ya fisi.

Moto ukawashwa katikati ya ua. Ukawashwa mkubwa. Watu wakaja, baraza likakaa lilipo. Nyamizi akasimama kwenye mwanga, mkono umevimba, bega limevimba, akasema, naye Holo akatafsiri, na mara hii kila mtu aliangalia mikono kabla ya kuangalia mdomo wa mfasiri.

"Mlinipiga kwa sababu sikujibu. Aliyejibu mlimpa salamu. Mlinifunga njuga, hamkuangalia kama zinalia. Mlinifungia watoto wangu na fisi, mkaita usalama. Sasa nasema mimi. Moto uwake langoni, usiku kucha. Anayepita gizani atoe mkono, ashikwe, mzee, mtoto, na Masanilo. Na gogo lile, atakayeliweka tena mlangoni kwangu, nitamweka yeye mahali pake."

"Maneno ya mwisho ameyasema yeye au umeyasema wewe?" mzee mmoja akauliza.

"Yeye," akasema Holo. "Yangu ni mabaya zaidi."

Mzee mwingine akasema, "Lakini kumshika mzee mkono, kumkagua kama ng'ombe, si adabu."

Nyamizi akamwendea. Akatoa kiganja. Akakishikilia hapo, chini ya ndevu zake, mpaka mzee akaweka wake. Akampapasa kwa kidole gumba, akatikisa kichwa kukubali, akampisha. Akamwendea wa pili. Wa tatu. Wote wakatoa mikono. Hakuna adabu iliyokufa. Baraza likaitikia, naam, naam, naam, kama lilivyoitikia amri ya kuzima moto. Watu wale walikuwa wepesi wa kuitikia.

Masanilo? Kabla mwezi haujaandama alikuwa anasimulia vijiji vya jirani jinsi alivyomkamata fisi kwa mkono mtupu, na jinsi alivyobuni, yeye mwenyewe, ulinzi wa kushikana mikono. Nyamizi aliambiwa na Holo. Akajaza mashavu upepo, akarudi kwenye kinu. Mwenye kazi hana wakati wa kugombania sifa na mwenye kigoda.

Lakini usiku ule, watu walipokwisha kutawanyika, watoto bado walikuwa hawajala. Nyamizi akaokota makaa kutoka moto wa uani, akawasha upya jiko lililomwagiwa maji. Likafuka moshi, likawaka. Akainjika maji. Akasonga ugali wa mtama kwa mkono ule mzima, Holo akishika sufuria. Mboga ilikuwa mlenda, hakukuwa na nyingine. Akaepua, akaandaa, akanawisha watu mikono. Mwanga ulikuwa mdogo, kwa hiyo hakuwahesabu kwa macho. Kila aliyeketi alimgusa: Mbula, yupo. Lutonja, yupo. Sizya, yupo, na amesinzia na tonge mkononi. Wifi Holo, yupo, anaongea. Akajigusa mwenyewe kifuani. Akaketi, akala.

"Wa kale ametokea!"

"Ametokea!"

"Mmemwona?"

"Tumemwona!"

"Basi mwacheni aende zake, msimfuate. Mimi nimesema, ninyi mmesikia, na atakayesema hakusikia nitamsimulia mkononi. Leteni hayo mahindi."